Probox ya mnada wa benki: 650,000 usifike

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mokowe, kule Lamu bara. Nalifupisha: "Nanunua samaki kwa wavuvi nawapeleka Malindi, na gari nakodi, faida yote yaishia kwa mwenye gari. Nimeona tangazo la benki, kuna Toyota Probox ya 2014 itapigwa mnada Mombasa wiki ijayo. Binamu yangu asema nipande hata mpaka 650,000 manake hapo Malindi zauzwa 750,000, kwa hivyo bado n'taokoa laki moja. Ni kweli? Na n'tajuaje sipigwi? Ama yafaa niagize moja kwa moja minada ya Japan?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kununua, wengi huniletea gari likiwa tayari limeshushwa kwenye brekdauni, lile lori la kukokota magari, ndio waniulize kama bei ilikuwa sawa, na hapo mie n'taambia mtu nini zaidi ya pole. Kazi yangu hapa Malindi ni kukagua magari ya watu kabla hawajalipa, ya yadi, ya mtu binafsi na ya mnada, na ya mnada ndiyo yanayoumiza watu zaidi, si kwa sababu ni mabovu bali kwa sababu mtu huenda pale bila hesabu.

Jibu la swali lako: hapana, 650,000 usifike. Hebu tupige hesabu ya binamu yako tuone hiyo laki yaenda wapi. Gari la mnada mara nyingi hulichukui kwa kuendesha, limekaa yadi miezi, kwa hivyo brekdauni kutoka Mombasa mpaka Malindi tuseme 15,000. Tairi zimekaa juani upande mmoja, nne 28,000. Betri imekufa, 9,000. Oili, filta na plagi 12,000. Bushi na shoki, na barabara zetu hizi, 25,000. Search, inspection na transfa, yani kuangalia karatasi za gari, ukaguzi na kuhamisha jina, weka 12,000. Ufunguo wa pili, manake mnadani hupewa mmoja na huo wenyewe kwa bahati, 10,000. Jumla 111,000. Ongeza kwa 650,000 yako unapata 761,000. Yani umelipa zaidi ya ile ya Malindi ambayo ungeliiwasha, ungeliizungusha mpaka Mambrui na kurudi, na ungemjua aliyekuuzia anakaa wapi. Hizi bei ni makadirio yangu, wewe piga simu kwa fundi wako uweke zako, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Na bado sijakuuliza hiyo 750,000 imetoka wapi. Kama umeiona kwenye tangazo basi hiyo ni bei ya kuomba, si bei ya kuuza. Fanya hivi, tafuta Probox tatu nne za aina hiyo hiyo zinazouzwa Malindi, Kilifi na Mombasa, piga simu, waambie una pesa taslimu na wataka bei ya mwisho. Utashangaa jinsi 750,000 inavyoteremka mpaka 700,000 kabla hata hujafika kuiona. Bei ya mwisho ndiyo unayoanzia hesabu.

Halafu uhakikishe walinganisha kitu kimoja. 2014 kwa Probox ni mwaka wa hatari kidogo manake ndio mwaka Toyota walibadilisha umbo. Kuna ya 2014 ya umbo la zamani lile lililoanza 2002, ina giabox ya otomatiki ya kawaida, na kuna ya 2014 ya umbo jipya yenye uso mwingine, dashibodi nyingine na giabox ya CVT, yani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Tangazo la mnada litaandika "Toyota Probox 2014" na kuishia hapo. Binamu yako pengine aliona umbo jipya Malindi na ya mnada ni la zamani, na bei zake hazikaribiani.

Sasa dau lako la mwisho tunalipata kwa kurudi nyuma. Chukua bei ya kweli ya sokoni, tuseme kwa sasa ni hiyo 750,000. Toa 111,000 za matengenezo na karatasi. Toa pesa ya yale usiyoyaona, hapa mie huweka sehemu moja ya kumi, 75,000, manake hujaliendesha na hakuna garantii, likishagongwa nyundo ni lako na ubovu wake wote. Halafu toa 50,000 ambayo ni faida yako wewe, manake kama huokoi kitu kwa nini uhangaike na mnada, si bora ununue la mtu pale Malindi na upewe na chai juu. Unabaki na 514,000. Hiyo ndiyo namba yako. Kama yadi watakuruhusu uwashe injini na ikaunguruma vizuri, yale ya kutoyaona yashushe mpaka 40,000, dau likapanda 549,000. Kama hakuna ufunguo kabisa, yapandishe 150,000, dau liwe 439,000 na hapo mie binafsi ningeliacha liende. Na kama bei ya kweli umeikuta ni 700,000 badala ya 750,000, zote hizo teremsha kama elfu hamsini.

Iandike namba kwenye karatasi usiku kabla ya mnada. Usiiweke kichwani, kichwa cha mnadani si kichwa cha nyumbani.

Waona 514,000 haijakaa vizuri, si namba ya duara, na hiyo ni nzuri kwako. Watu wengi huja na laki tano kamili au laki tano na nusu, wakifika hapo wanasimama. Ukiwa na kumi na kitu juu ya duara mara nyingine unapita.

Kitu kingine cha kujua kabla hujaenda yadi ni kwamba gari la kunyang'anywa na benki lina historia yake. Mtu aliyeshindwa kulipa mkopo miezi minne mitano unadhani hiyo miezi alikuwa anabadilisha oili? Pesa ilikuwa haipo. Na akishajua gari linatafutwa, analitumia mpaka tone la mwisho, na mengine hukimbizwa na kufichwa huko vichakani. Baadaye limekamatwa, limeegeshwa yadi, mvua yake, jua lake, panya wake kwenye nyaya. Kwa hivyo mileji ikiwa ndogo usifurahi sana, tizama gari lilivyotunzwa mwisho mwisho.

Kwanza karatasi, manake hiyo yafanyika ukiwa Mokowe kwenye simu. Tangazo litakuwa na namba ya gari, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ufanye search, ada yake haifiki elfu moja. Utaona jina la mwenyewe, na kama benki imo kwenye logbuku, ile hati ya umiliki wa gari, pamoja naye hilo ndilo lile lenyewe. Utaona namba ya chesisi, ya injini, mwaka, rangi. Lakini search ya NTSA pekee haitoshi siku hizi, tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika kuna rejista nyingine kabisa, nayo iko eCitizen pia upande wa usajili wa biashara, ambako mkopeshaji anaweza kuandikisha kuwa ana deni juu ya gari fulani. Watu wamechukua mkopo wa logbuku hapa na mwingine kule juu ya gari moja. Wewe waulize wauzaji swali moja wazi: mkishaniuzia, nani atanipa barua ya kuondoa deni, na mimi n'tafanyiwa transfa na nani? Kama jibu ni "hiyo itajipa" basi haijipi. Dalali mwenyewe muulize leseni, Kenya hawa wana sheria yao ya 1996 na bodi inayowapa leseni, na asiyekuwa nayo hana ruhusa ya kukuuzia hata baiskeli.

Sasa kukagua. Katika tangazo huwa kuna siku za kutizama, nenda siku ya kwanza si ya mwisho, na nenda na fundi hata kama ni wa kumlipa 3,000. Saa za asubuhi, jua la mchana laficha rangi iliyopulizwa upya. Uende na tochi, kitambaa, sumaku ndogo, jampa za betri, na simu yenye chaji.

Anza na chesisi. Namba imechongwa kwenye chuma cha nyuma ya injini, isome herufi kwa herufi na ile ya search. Ukiona pamekwanguliwa au pamechomelewa, funga boneti uende nyumbani. Kisha boliti za boneti na za mafenda ya mbele, zitizame pembe zake, kama rangi imebanduka hapo spana imepita, yani fenda limewahi kufunguliwa, na fenda halifunguliwi bure. Vioo vyote vina maandishi ya kiwanda pembeni, kimoja kikiwa tofauti na vyenzake jiulize kilivunjwa na nini. Sumaku ipitishe chini ya milango na juu ya matairi, pakiwa hapashiki pana pati, ule udongo wa kuzibia, badala ya bati.

Oili, vuta kijiti, futa, tumbukiza, vuta tena. Nyeusi si neno, ni gari la mtu aliyeishiwa. Ninachotafuta ni chini ya kifuniko cha kujazia oili, ukikifungua ukakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, pengine gasketi ya silinda hedi imeungua, na hapo 75,000 yako yaweza kuisha yote kwa kitu kimoja. Rejeta ifungue ikiwa baridi, maji yawe na rangi ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, kama ni ya kutu tupu basi alikuwa akijaza maji ya bomba. Giabox ya umbo la zamani ina kijiti chake, oili ikinuka kuungua mpango umeharibika. CVT haina kijiti cha kuvuta hivyo, kwa hiyo bila kuiendesha huijui, na mie CVT isiyoendeshwa huihesabu kuwa ina ubovu mpaka ithibitishe haina.

Kwa Probox hasa, nenda nyuma ulale chini. Hizi gari Kenya zimebeba miraa, zimebeba watu kumi, zimebeba simiti. Tizama spring za nyuma kama zimebadilishwa za lori au zimewekewa vipande vya mpira katikati, tizama bati la sakafu ya nyuma kama limepinda au limechomelewa. Za umbo la zamani ni mashine ya kazi na hustahimili, lakini iliyopigishwa mzigo miaka mingi ekseli ya nyuma huwa inalia, na kilio hukisikii gari likiwa limesimama. Raba ya pedali ya breki ikiwa imelika mpaka chuma na mileji yasema 80,000, mmoja wao anadanganya na si pedali.

Tairi zina namba nne ndani ya duara refu pembeni, kama 3217, hiyo ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Tairi yenye meno mazuri na ya miaka minane ni tairi ya kutupa, na wewe waendesha Garsen mpaka Witu kwenye joto lile.

Wakikuruhusu kuwasha, kabla injini haijashika geuza ufunguo nusu tu utizame taa za dashibodi. Zote ziwake, ikiwemo ya eabegi, halafu injini ikishika zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka isizime, manake kuna mtu ameing'oa balbu ili usiione. Iache iungurume dakika kumi, sio mbili, utizame moshi na feni ya rejeta kama inaingia.

Sasa mambo mawili ya kwetu pwani. Kutu kwanza. Gari lililofanya kazi mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni mpaka Kurawa ni gari la kukagua chini mara mbili, chumvi hula kuanzia ndani ya mbavu za chesisi kuja nje, juu waona limepulizwa rangi linang'aa. Chukua bisibisi ugonge chini ya kizingiti cha mlango, mlio wa bati zima na wa bati lililooza haufanani. Utauliza mwenyewe alikuwa wapi, jina la kampuni kwenye search laweza kukwambia. Na kwa kuwa Probox yako itabeba samaki, wewe mwenyewe ukishainunua weka treya za plastiki na mpira chini, maji ya barafu ya samaki yana chumvi na sakafu ya Probox huioza haraka mno, nimeona za wenye biashara kama yako ambazo waweza kuiona barabara ukiwa umekaa nyuma.

La pili ni mafuriko. Kati ya El Niño ya mwisho wa 2023 na mvua za Aprili na Mei 2024, maji yalifunika magari Nairobi, na huku Tana River ilikata barabara. Magari yale hayakutupwa yote, mengine yalikaushwa yakauzwa. Dawa yake ni rahisi: vuta mkanda wa kiti wa dereva mpaka uishe kabisa, ule mwisho ambao hauvutwi kila siku ndio huwa na mstari wa matope, watu huosha viti na mazulia lakini mkanda husahau. Inua zulia la buti utizame kisima cha tairi ya spea. Nusa. Gari lililozama linanuka hata baada ya mwaka, na wakilitia marashi mengi ndio wasiwasi uzidi.

Ukimaliza piga picha kila kitu, betri, redio, spea, jeki, tairi zote nne, kijiti cha oili, ndani ya boneti. Si kwa ajili ya kumbukumbu, ni kwa sababu baina ya siku ya kutizama na siku ya kuchukua vitu huwa na miguu. Siku ya kulipa unalitizama tena na picha mkononi kabla hujaweka sahihi yoyote.

Siku ya mnada. Utatakiwa kulipa amana kwanza ndio upewe namba, mara nyingi kwa cheki ya benki, na ukikosa wanakurudishia. Ukishinda halafu usimalize pesa ndani ya siku walizoandika, amana imekwenda. Kwa hivyo soma masharti, ni ukurasa mmoja na hakuna anayeusoma: baki yalipwa siku ngapi, kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, juu ya bei au imo ndani, ada ya yadi yaanza kuhesabiwa lini na ni ya nani. Hilo la VAT liulize kwa sauti, 16% juu ya 514,000 ni 82,240 na hiyo peke yake yala faida yako yote na zaidi.

Kaa nyuma uwaone watu. Utawatambua wafanyabiashara wa magari, hawana haraka, wanasalimiana, wengine wako kwenye simu. Hawa ndio kipimo chako. Mfanyabiashara anunua ili auze, lazima aache faida yake na gharama zake, kwa hivyo anaposimama gari huwa halijafika bei ya sokoni, na wewe usiyetafuta faida waweza kumpita kidogo bila kuumia. Hatari yaanza wao wakishanyamaza mkabaki wewe na mtu mwingine anayetaka gari la nyumbani. Hapo kila mmoja ashindana na mwenzake na gari limesahaulika, na dalali anajua, atakwambia "mama, elfu tano tu na ni lako." Elfu tano tu mara kumi ni elfu hamsini, hiyo faida yako. Tizama karatasi yako. Imefika, kunja mikono, na simu ya binamu usiipokee.

Wapo pia wapandishaji, watu wanaoitikia dau bila nia ya kununua, na kuna dalali atakayepokea dau kutoka ukutani, yani dau lisilo na mtu. Huna njia ya kuwazuia lakini wakupandishe mpaka wapi kama namba yako haisongi? Na ujue sheria ya uuzaji wa bidhaa hapa Kenya, Sura ya 31, yasema mauzo yakamilika nyundo ikigongwa, kabla ya hapo waweza kuliondoa dau lako. Ukiropoka namba kwa jazba, sema mara moja kwamba umeondoa, kwa sauti, kabla hajagonga. Usione haya.

Usianze wewe kutaja bei. Wacha wengine waivute mpaka robo tatu ya namba yako ndio uingie, tena uingie kwa sauti ya mtu mwenye pesa nyingi. Hii si sayansi, lakini nimeiona ikifanya kazi.

Kuna jambo watu hawalijui na ndilo lenye bei nzuri. Benki huwa imeweka bei ya chini ambayo haisemwi, gari lisipofika hapo haliuzwi hata kama wewe ulikuwa wa mwisho. Wengi wanakasirika wanaondoka. Wewe mwendee dalali, mwachie jina, namba ya simu na dau lako kwa maandishi. Benki italazimika kutangaza tena, gazeti lataka pesa, yadi yazidi kuhesabu, na wiki mbili baadaye dau lako la 514,000 laanza kupendeza. Mpigie wewe, usingoje. Na kinyume chake, gari laweza kutolewa kwenye orodha asubuhi ile ile manake mwenyewe amelipa deni amelikomboa, kwa hivyo usisafiri kutoka Mokowe kabla hujapiga simu kuuliza kama bado lipo. Yule ana haki ya kulikomboa na mie humwombea afanikiwe.

Ukishinda, pesa iingie kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye masharti, jina la kampuni au la benki. Asije kijana wa yadi akakwambia tuma kwa namba hii ya simu ili tuharakishe. Chukua risiti, hati ya mauzo, na barua ya benki ya kuachilia gari. Logbuku huenda isiwe tayari siku hiyo, transfa yafanyika eCitizen na benki lazima ikubali upande wake, ifuatilie kila wiki na usilipakie samaki kwa biashara likiwa bado jina la mtu mwingine, trafiki wa njiani watakula hiyo faida. Bima nunua kabla gurudumu halijatoka getini.

Umeuliza pia kwa kupitia kama yafaa kuagiza moja kwa moja kutoka minada ya Japan. Yafaa kwa mwenye subira. Kule kila gari hukaguliwa na kupewa karatasi, daraja 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina alama zake, R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa, na mchoro wa gari una herufi: A mkwaruzo, U kubonyea, W palipopigwa panel, XX palipobadilishwa. Dai karatasi halisi usomewe, si tafsiri ya muuzaji. Lakini ushuru wa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, hauhesabiwi kwa bei uliyoshindia, unahesabiwa kwa orodha yao ya bei ya gari jipya ikipunguzwa kwa umri, kwa hivyo kupata rahisi Japan hakupunguzi ushuru hata shilingi, na gari la zaidi ya miaka minane haliingii. Hiyo 2014 yako kwa njia hiyo haiwezekani tena.

Minada ya serikali na ya kaunti nayo ina magari ya GK, yani yenye namba za serikali, mengi ni ya kuuzwa kwa vipuri, na lazima yasajiliwe namba mpya ya kiraia. Ya mashirika ya misaada, zile Land Cruiser nyeupe, uliza kwanza kama liliingia bila ushuru, manake wewe usiye shirika utadaiwa huo ushuru. Na haya ya Malindi ya "lilikuwa la Mtaliano" hayo si mnada, ni hadithi, kagua kama mengine, na chini zaidi, manake wengi wao huegesha karibu na bahari.

Wewe kesho fanya search, na nitumie namba ya chesisi tuone ni umbo la zamani au jipya. Likiwa la CVT na hawakubali kuwasha, tutaiteremsha namba zaidi ya hapo.